Haki ya Maiti

Maji ya majani ya mkunazi yalikuwa bado vuguvugu wanaume walipolitua sanduku la maiti uani. Lilikuwa la bati, limechomelewa, sawa pande zote.

"Halifunguliwi, mama," alisema wakala aliyempeleka Zulfa ng'ambo kufanya kazi za ndani. "Matajiri wake wameagiza. Ameshaoshwa hukohuko."

"Kaoshwa na nani?" aliuliza Bi Mwanasiti, mamake Zulfa.

"Sijui, mama. Lakini mkataba hauruhusu kufungua."

"Mkataba wa kazi, baba. Kazi si imekwisha? Kuoshwa na watu wake ni haki yake."

Akayasogeza maji kando ya sanduku, wakala bado kasimama palepale.

"Na wewe mwanamume umesimama unangoja nini?" jirani, Bi Kibibi, akamfokea. "Huoni mwanamke anaoshwa?"

Wanaume wakatoka, wakala akabaki mlangoni. Bi Mwanasiti akapiga bismillahi, akachota maji kwa kata, akainama juu ya bati aanze upande wa kulia wa mwanawe, kama inavyotakiwa. Mkono ukasita.

"Kichwa kiko wapi?" aliuliza.

Wakala akatazama mwisho huu wa sanduku, akatazama na ule. Bi Mwanasiti akabaki ameinama, kata mkononi, maji yakidondoka mchangani.