Tufe la Mpiga Ramli

Riyadh alipofika dukani, tufe la mpiga ramli lilikuwa limelazwa kifudifudi juu ya meza, kitako kimefunguliwa na nyaya zimetoka nje kama matumbo ya samaki.

"Usiniambie limekufa," akasema. "Ami yangu amenituma nilichukue. Latakiwa baada ya Alasiri."

Nicanor, fundi wa redio na simu karibu na Ngome ya Yesu, hakuinua uso. "Halijafa. Mzee Jamaldin aliliangusha tu. Kwani kuna nini huko kwenu Kuze mpaka mwite mpiga ramli?"

"Bangili za dhahabu za bibi yangu zimeibwa. Vyumba vyote vimepekuliwa, hata pipa la mchele. Leo kila mtu wa nyumba ataweka mkono juu ya hilo tufe. Eti mwanga humjia mwenye haki na kumkimbia mwizi. Na wote wamekwisha kuamua kuwa mwizi ni Charo."

Charo alikuwa mpishi wao. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Riyadh madrasa utotoni, akimbeba mabegani njia zikijaa maji ya mvua. Charo hakuiba. Hilo Riyadh alilijua kwa yakini, na lilimnyima usingizi.

"Hebu nieleze," akasema. "Kwa hakika lafanyaje kazi?"

Nicanor alipenda kuulizwa. Akaelekeza bisibisi kwenye kibao kidogo. "Umeme unaoingia ni wa chaja ya simu tu. Hii transista inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Kisha unapita kwenye koili hii, waya mwembamba uliozungushwa mno, unatoka na maelfu ya volti. Unapanda mpaka kwenye kigololi cha katikati. Ndani ya kioo kumetiwa gesi kidogo, na umeme ukipita humo, gesi inang'aa. Sasa umeme unatafuta pa kwenda. Ukigusa kioo, mwili wako ndio njia, basi mwanga unakuja kidoleni."

"Kidole cha yeyote?"

"Cha mwizi, cha padri, cha shehe. Halimjui mtu."

Riyadh akashusha pumzi.

"Ila lina ila moja," Nicanor akaendelea. "Swichi yake ina namna mbili: liwake wakati wote, au liwake kwa sauti. Lilipoanguka, swichi ilikwama kwenye sauti. Unaona hiki kama punje ya dengu? Ni maikrofoni. Pakiwa na kelele, linawaka. Pakiwa kimya, giza." Akalichomeka, akapiga kofi. Vimiale vya zambarau vikatapakaa ndani ya kioo, kisha vikafa. "Nilimwambia Mzee nimtafutie swichi nyingine, akakataa. Akisoma kwa sauti linawaka, naye anaona ni maneno yake yanayoliwasha."

"Hata kikohozi chaliwasha?"

"Hata kikohozi." Nicanor akaanza kufunga kitako. "Na safari yako ya Muscat imefikia wapi? Nauli imepatikana?"

"I karibu, inshallah."

Baada ya Alasiri walikusanyika ghorofani, madirisha yamefungwa ili chumba kiwe giza. Mzee Jamaldin alisoma kwa sauti nzito na wote wakaitikia amin, amin, mpaka dari ikavuma. Bibi yake, Bi Ummukulthum, aliweka kiganja chake, mwanga ukamjia. Akafuata ami Abdulghafur, ukamjia. Riyadh akaweka mkono wa kulia, ukamjia naye, na bibi yake akamwombea heri.

Chini, vijana wa mtaa walikuwa wamekaa barazani. Ami alikuwa amewaahidi kwamba mwizi atakabidhiwa kwao. Mtu wa mwisho waliyekabidhiwa hakufika hospitali akiwa hai, na hakuna mle chumbani asiyelijua hilo.

"Njoo, Charo," akasema Bi Ummukulthum. "Kama hukutwaa, waogopa nini?"

"Siogopi, Bibi. Sikutwaa. Mungu yuaniona."

Akaja mbele akipangusa unga kiganjani, akauweka mkono juu ya kioo. Maskini, aliliamini tufe lile kuliko wote.

Na kwa hamu ya kuona, watu wote wakabana pumzi. Hakuna aliyeitikia. Mzee Jamaldin mwenyewe alisahau kusoma. Tufe likazima.

Charo akabonyeza kwa nguvu zaidi, halafu akaongeza na mkono wa pili. Midomo ilimcheza lakini sauti haikutoka. Akageuka kumtazama Riyadh, yule mtoto wa mabegani.

Kikohozi kimoja tu kingetosha. Riyadh alikisikia kikimtekenya kooni, akakimeza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na bado akakimeza.

"Mwizi!" ami akapiga ukelele, na chumba kizima kikalipuka. Tufe nalo likawaka papo hapo, lakini mikono ya Charo ilikuwa imekwisha kubanduliwa na hakuna aliyekuwa akilitazama. Walimburura ngazini akiita, "Riyadh! Mwanangu, waambie!" Barazani vijana wakasimama.

Zogo lilielekea uchochoroni, likafifia, na ghorofani kukawa kimya na giza. Riyadh alikuwa amebaki peke yake. Ndipo alipolegeza mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa kanzu. Bangili za bibi yake zikagongana, na tufe likawaka.