Hakuna Refa

Sindano aliinua mkono arushe kisahani cha plastiki cha kuchezea, bosi wake akampiga kwenye kifundo cha mkono, kisahani kikaanguka kwenye majani. Bosi alikuwa timu pinzani.

Watu wote wakamgeukia Sindano. Mchezo huu hauna refa. Aliyechezewa rafu anasema mwenyewe, na akinyamaza, kisahani ni cha wapinzani. Lilibaki goli moja tu mchezo uishe.

"Sijakugusa, mdogo wangu," bosi alisema, na lile tabasamu lake la vikaoni. "Au nimekugusa?"

"Yaache tu, dada," mwenzake wa timu alimnong'oneza Sindano. "Jumatatu mtaonana kazini."

Sindano alitazama mkono wake. Kucha ya bosi ilikuwa imechora mstari mwekundu, unaanza kuvimba. Siku zote bosi anapomtazama hivi, yeye huishia kuitikia kwa kichwa.

"Rafu," alisema.

"Umesemaje?" bosi aliuliza. "Hatujasikia huku."

Kuna waliocheka. Sindano aliinama, akaokota kisahani, akakifuta tope kwa kaptula yake bila haraka.

"Umesikia," alisema. "Sasa rudi nyuma kidogo, bosi. Umenisogelea mno."