Doti Isiyokatwa

Walikuwa wamekubaliana kuachana bila kelele. Watoto, ambao hawakujua, wakawalipia Jumamosi na Jumapili kwenye hoteli ya ufukweni, na kukataa kungezua maswali. Basi Saumu na mumewe Badi wakapanda boti ya watalii kwenda kuona visiwa vya hifadhi, kila mmoja akakaa upande wake.

Wakati wa kurudi mvua ikawakuta. Saumu akaanza kutetemeka. Badi akachomoa kanga mpya kwenye mfuko wake, doti nzima, bado ngumu kwa wanga wa dukani.

"Umeinunua lini?"

"Jana, ulipolala. Nilitaka iwe ya kuagana."

Saumu akaikunjua, akatafuta ule mstari wa katikati wa kukatia, apate ya kujifunga na ya kujitanda. Akamwomba nahodha kisu.

"Kata, zote mbili uvae wewe, Mama Rukia," Badi alisema. "Mimi nimezoea."

Shati lake lilikuwa limemganda mbavuni.

"Umezoea nini, na kifua hicho?" Saumu akaweka kisu kando yake, akajifunika upande mmoja, akamrushia upande wa pili. Doti ikavuka boti nzima. Katikati ikaanza kubonyea na kujaa maji.

"Inatulowesha," Badi alisema.

"Basi njoo huku, tuikunje."

Badi akainuka, boti ikiyumba, kanga mabegani. Nafasi ya kukaa ilikuwa moja tu, pale kilipolala kisu.