Malengelenge ya Mwantumu

Basi la Iringa liliposimama Igawa, Mwantumu hakushuka. Aliivuta kanga mpaka kwenye vidole, akajikunyata dirishani, akiomba Mungu yule mama wa kiti cha mbele asigeuke tena kumtazama.

Chini ya kanga, malengelenge yalikuwa yamepanda mpaka viwikoni. Mawili yalishapasuka, na kitambaa kikagandia kwenye ngozi. Ilikuwa mara ya nne tangu mwezi wa Mfungo Mosi. Yanatoka, yanapasuka, yanakauka; akianza kushukuru, yanatoka tena.

Kule Mbeya, dresa wa zahanati alisema ni upele. Maalimu alimwandikia kombe, akanywa. Jirani yake, Tupokigwe, hakusema kitu, ila alimkataza mwanawe kucheza na Kudra, binti wa Mwantumu wa miaka mitatu. Hapo ndipo Mwantumu alipolipata jina la ugonjwa wake, bila ya mtu kulitamka.

Ukoma.

Mwaka ule wa hamsini na nne, kila mtu aliijua kambi ya wakoma kwa kusikia. Mtu hupelekwa na shuka lake moja, mtoto akabaki kulelewa na wengine. Tangu siku ile, Mwantumu hakumpakata tena Kudra.

Mumewe, Muharami, alirudi garini na chai ya moto katika makopo mawili ya bati. Alikuwa dobi, vidole vyake vilijaa makovu ya pasi ya mkaa. Mwantumu alilipokea kopo lake kwa pindo la kanga, na bado likamuunguza.

"Kunywa, Mama Kudra," alisema Muharami, lake kalikumbatia kwa viganja viwili.

"Wakinipeleka kambini je?"

"Tutakwenda wote. Kwani huko watu hawavai nguo zilizopigwa pasi?"

Mwantumu alicheka, kisha akalia.

Asubuhi yake, hospitalini Iringa, daktari msaidizi aitwaye Bwana Tadeo aliitazama mikono ya Mwantumu kwa muda mrefu. Muharami alisimama nyuma ya mkewe, kamshika bega.

"Yanauma?"

"Yanachoma kama moto, bwana."

"Unafanya kazi gani?"

"Nafua mashuka ya hoteli. Mume wangu hupiga pasi."

"Unafulia nini?"

"Sabuni. Na dawa ya unga, ya kung'arishia."

"Ukipumzika kufua?"

Mwantumu alifikiri. "Yanakauka."

Bwana Tadeo akaweka kalamu chini. "Mama, huna ukoma. Hiyo dawa ndiyo inayokuunguza. Iache, utapona."

Mwantumu alitaka kuamini, lakini hofu ya miezi haimtoki mtu kwa neno moja. "Umejuaje, bwana? Wenzako wote hawakujua."

"Fumba macho. Nikikugusa, sema wapi."

Akachukua kipande cha pamba.

"Mkono wa kushoto," alisema Mwantumu. "Shavuni. Kidole hiki." Hakukosea hata mara moja.

"Umeona? Ukoma huiua ngozi. Mwenye nao hasikii kitu, hata umchome."

Mwantumu akaangua kilio, safari hii cha shukrani. Atampakata Kudra. Atampakata mpaka achoke.

Muharami naye alikuwa akifuta machozi huku anacheka. Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati. "Nijaribu na mimi, bwana, ajionee mwenyewe. Mke wangu huyu bila kuona haamini." Akafumba macho, mikono kainyoosha mezani.

Bwana Tadeo alitabasamu, akampitishia pamba vidoleni. Akangoja. Akaipitisha tena, nyuma ya kiganja, polepole zaidi. Tabasamu likamtoka. Akachukua sindano, akaiweka ncha juu ya kidole, akakandamiza mpaka tone la damu likachomoza.

Mwantumu alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Haya, bwana," alisema Muharami, macho bado kayafumba, uso umejaa furaha. "Anza basi."