Kesho ya Kalunguyeye

Huko Uingereza, Bata Bukini na jirani yake Kalunguyeye walipanda dafodili, yale maua ya manjano yanayochipua kila mwaka kutoka vitunguu vyake ardhini na kuchanua baridi ikiisha. Maua yalipokauka, Bata, mpenda usafi, alikata majani yote yakiwa bado mabichi.

"Kata na wewe, jirani! Bustani yako inatia aibu."

"Nitakata kesho," alijibu Kalunguyeye, mvivu wa kutupwa, akajikunja akalala.

Mwaka uliofuata, kwa Kalunguyeye kulikuwa manjano tupu. Kwa Bata halikuchanua hata ua moja.

Fuko akachomoza kichwa ardhini. "Mama Bata, vitunguu vya maua yako vina njaa huku chini! Majani uliyoyakata ndiyo yaliyokuwa yakivilisha."

Bata akamgeukia Kalunguyeye. "Kumbe ulijua, ukaninyamazia!"

"Nijue nini?" Kalunguyeye akapiga mwayo. "Kesho yenyewe hadi leo haijafika."