Dawa Katika Ploti ya Bwana

Nabii aliinua inhela ya bluu, ile dawa ya pumu ya kuvuta, juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

"Imetoka kwa gunia la mkaa. Nani ameleta dawa ya hospitali katika ploti ya Bwana?"

Sijui kama Bwana anajua ana ploti mtaani Lucky Summer. Lakini hapa Nabii ndiye serikali: anaamua nani aoe, nani ale, nani afukuzwe. Mwenyewe anavaa miwani nene kama kitako cha chupa. Hiyo, anasema, aliletewa na malaika.

Tulisimama uani na kanzu zetu nyeupe, miguu mitupu. Kando yangu dada yangu Wavinya, mwenye pumu, alibana pumzi ili kifua kisipige filimbi. Wazee walishaanza kumkazia macho.

"Ni yangu, Baba Nabii," nikasema.

"Wewe? Pumu ilikushika lini?"

"Tangu nianze kusikiza mahubiri yako."

Mtu alicheka, akajuta papo hapo. Niliichukua inhela, nikaitikisa, nikavuta kama mzoefu. Wazee wakaamini. Nikajiona mjanja kuliko wote.

"Toka," akasema Nabii. "Na utoke na uchawi wako."

Walinisukuma nje wakafunga geti kwa kufuli. Nilikuwa bado natabasamu nilipoangalia mkono wangu: inhela ilikuwa humo.

Nikaanza kugonga. "Wavinya! Fungueni, dada yangu anaihitaji!"

Ndani nilimsikia akikohoa, kisha akivuta hewa isiyoingia.

"Waumini," Nabii akasema, "imbeni kwa nguvu."

Wakaimba.