Kidole Gumba cha Buluu

Mwalimu wa baiolojia aliinua uso kutoka kwenye hadubini.

"Nimekwangua shavu langu mwenyewe ili muone seli bapa za utando wa kinywa. Sasa naona ganda la kitunguu: kuna aliyebadilisha sampuli yangu na kuitia rangi. Nyoosheni mikono!"

Hansol alinyoosha yake kwa utulivu wa mtawa. Alikuwa ameinawa kwa sabuni. Lakini rangi ya buluu ya maabara ilikuwa imeng'ang'ania kidole gumba.

"Seli za juu za ngozi hufa na kubanduka zenyewe, polepole, Hansol. Kidole kikishatakata, nenda nyumbani ukale sikukuu ya mavuno, Chuseok, na bibi yako. Siyo kabla."

Basi la kwenda kwao lilikuwa linaondoka kesho yake.

Hansol aliinama kwa heshima zote.

"Mwalimu, jikoni hapa shuleni hawahitaji mtu wa kusugua masufuria usiku huu?"